Drili ya stima ikikataa kuwaka: pima waya kwanza, usikimbilie kulaumu swichi

Jirani yangu seremala hapa Kondele alikaribia kuuza drili yake kwa bei ya chuma chakavu. Alikuwa ameipeleka ikapimwa kwa mita, akaambiwa swichi imekufa na swichi ya aina hiyo haipatikani tena Kisumu. Swichi ilikuwa nzima. Tulikata kipande cha waya karibu na mpini, tukafunga upya, na mashine ikarudi kazini. Kwa hiyo naandika tulivyofanya, pamoja na mengine ninayofanya kila drili ya zamani inapoletwa mezani kwangu.

Hatua ya 1: Chomoa, kisha soma kibao

Chomoa plagi kabisa. Usitegemee swichi ya ukutani: hukata upande mmoja tu, na kama aliyefunga soketi alibadilisha nyaya, ndani ya drili mtabaki na stima hata ikiwa imesimama. Ukishachomoa, gusisha pini mbili za plagi kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki, maana kapasita ndogo iliyo ndani, kifaa kinachohifadhi stima, huweza kukurusha.

Soma volti kwenye kibao, ile lebo ya maelezo iliyo kwenye mwili wa drili. Mitumba kutoka Uingereza huja na drili za volti 110, za kutumia na transfoma kwenye maeneo ya ujenzi. Plagi yake ya asili ni ya manjano, lakini mtu akishaibadilisha, ni kibao tu kitakachokuambia. Kama iliungulia kwenye 240 yetu, usipoteze muda kwenye waya.

Hatua ya 2: Plagi na fyuzi

Fungua plagi, kaza skrubu, pima fyuzi. Drili ya wati 600 hula kama ampea 2.5, kwa hiyo fyuzi ya 5 inatosha. Ukikuta karatasi ya sigara au uzi wa shaba mahali pa fyuzi, toa.

Hatua ya 3: Waya

Waya hukatikia mahali inapokunjwa kila siku, yaani pale inapoingia kwenye mpini, ndani ya ule mpira mweusi. Nje haionyeshi chochote. Weka mita kwenye ohm, shika pini ya plagi na upande wa pili wa waya hiyo hiyo ndani ya mpini, kisha kunja taratibu kutoka plagi hadi kwenye mpini huku ukiangalia namba. Ikirukaruka, umepata.

Mlio wa mita, ule wa kuonyesha waya haijakatika, peke yake siuamini. Uzi mmoja wa shaba uliobaki mzima utafanya mita ilie vizuri, halafu ukibonyeza drili kwenye ukuta wa mawe inazima au mpini unapata joto. Mimi kwenye drili ya zamani nakata sentimita 15 za mwisho bila kubishana, nafunga upya. Kuunga katikati na kuzungushia tepu sikubali. Mkono wa mtu unapita hapo.

Hatua ya 4: Swichi

Hapa ndipo mashine nyingi nzima hutupwa, kwa hiyo nenda polepole.

Watu hupima kwenye pini za plagi huku wamebonyeza kitufe. Mita ikiandika OL, yaani haioni njia ya stima kupita, wanasema swichi imekufa. Lakini kama kitufe chako kinaongeza na kupunguza mwendo, ndani kuna kifaa cha elektroniki kiitwacho triaki, nacho hakipitishi kitu kwa ile stima ndogo inayotoka kwenye mita. Swichi nzima inaweza kusoma OL. Baadhi yake, ukibonyeza mpaka mwisho, kuna kontakti inayoiruka triaki na mita inasoma, nyingine hazina. OL hapo si ushahidi.

Kuna jambo la pili: kijiti cha kubadilisha mzunguko. Kikikaa katikati, kwenye drili nyingi mota inakuwa imekatwa kabisa. Kisukume hadi mwisho wa upande mmoja kabla hujapima chochote.

Basi ipime drili vipande vipande. Piga picha ya nyaya zote kwanza, kwa sababu kwenye drili ya kwenda mbele na nyuma ziko nyingi, na ukizikosea itazunguka kinyume au itatoa cheche. Swichi nyingi hazina skrubu. Waya imesukumwa ndani ikashikwa na kibati. Usivute. Karibu na tundu la waya kuna upenyo mdogo: ingiza sindano nene, sukuma kibati, waya itatoka yenyewe.

Waya ikiwa nje, pima kutoka plagi hadi ncha zake. Kisha pima mota, kwenye nyaya zinazotoka kwenye swichi kuielekea. Drili ya kawaida husoma kati ya ohm 10 na 30 hivi. Zungusha kichwa cha drili kwa mkono: namba itacheza kidogo, lakini isifike OL. Ikifika, ruka hadi hatua ya 5. Waya nzima, mota nzima, na bado haingurumi? Sasa ndiyo unaweza kuilaumu swichi. Ukinunua nyingine, nenda na ile ya zamani mkononi.

Hatua ya 5: Kaboni

Kaboni ni vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka stima kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Zitoe. Zikibaki chini ya milimita 6, badilisha zote mbili, hata kama moja bado ni ndefu. Kaboni mpya iteleze ndani ya nyumba yake bila kukwama. Ikikaza, ipitishe kwenye msasa laini.

Angalia komuteta, ile pete ya shaba yenye vipande vingi ambayo kaboni huigusa. Ikiwa nyeusi, isafishe kwa msasa laini, kamwe si kwa sufu ya chuma, na utoe vumbi kwenye mifereji kwa kijiti cha meno. Halafu pima kila vipande viwili vinavyofuatana: vinatakiwa visome sawa. Kati ya kipande chochote na shafti pasiwe na mlio. Kama upo, hiyo ni kazi ya kusuka upya nyaya za mota, na kwa drili ndogo mimi humshauri mwenyewe aulize bei kwanza.

Hatua ya 6: Funga na ujaribu

Kabla ya plagi kuingia, pima kutoka pini ya laini na ya nyutro hadi kwenye kichwa cha chuma huku umebonyeza kitufe. Lazima isome OL. Drili ya mwili wa chuma ina waya wa tatu: pini ya ardhi hadi kichwani isome chini ya ohm 1, la sivyo usiiwashe.

Iache izunguke bila mzigo dakika chache ili kaboni zikae. Cheche ndogo za bluu ni kawaida. Ukiona moto unaozunguka komuteta nzima kama pete, chomoa mara moja urudi hatua ya 5.