Bajeti ya kaunti haipo kwenye tovuti? Andika barua
Ukifungua tovuti ya kaunti yako ukute picha za uzinduzi wa miradi tele lakini bajeti hakuna, usiishie hapo. Pitia ripoti za Msimamizi wa Bajeti wa Kenya. Hutolewa kila robo mwaka na huonyesha kila moja ya kaunti 47 imepokea na kutumia kiasi gani. Hapo utajua la kuuliza.

Kisha iandikie kaunti barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu raia kuiandika kwa Kiswahili, bila ada ya maombi wala kueleza sababu. (Gharama ya nakala unaweza kutozwa.) Taja hati yenyewe. Badala ya “naomba habari za barabara”, andika: “Naomba orodha ya kandarasi za barabara katika wadi yetu, mwaka wa fedha 2023/24, pamoja na bei na jina la mkandarasi.” Ombi pana ni rahisi mno kulikwepa. Nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe, maana siku 21 za kujibiwa huanzia hapo. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, yaani ofisi ya Ombudsman, ukiambatisha nakala hiyo.