Kuoanisha joto kwa ng'ombe wa nyama: chagua majike kwanza, sindano baadaye

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa humwona jike wake asubuhi na jioni anapokamua. Akiona ute mwangavu ukining'inia, au akimsikia analia bila sababu, anampigia simu mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu. Mwenye kundi la ng'ombe wa nyama mia moja, Boran au zebu, kule Kongwa au Mpwapwa mkoani Dodoma hana nafasi hiyo. Ng'ombe wake wako malishoni kutwa nzima. Joto la zebu, yaani muda jike anapokuwa tayari kupandwa, nalo ni fupi, dalili zake ni hafifu, na mara nyingi majike hupandana usiku zizini wakati wachungaji wamelala. Kuvizia joto katika kundi la namna hiyo ni kazi ngumu mno, na wengi waliojaribu wamerudi kwa dume wakisema uhimilishaji ni wa ng'ombe wa kizungu tu.

Homoni za kuoanisha joto, yaani kuwafanya majike waingie joto kwa wakati mmoja, zinaondoa shida hiyo. Majike 30 wanaandaliwa kwa pamoja, mhimilishaji anakuja na mtungi wake wa mbegu mara moja, na ndama wanazaliwa wakikaribiana, wanakua rika moja na kuuzwa kwa mkupuo. Ila homoni zina mpaka wake: zinawapanga pamoja majike ambao miili yao iko tayari kushika mimba, au imekaribia kuwa tayari. Aliyekonda sana, aliyezaa juzi, mgonjwa, au aliye na mimba tayari, hao sindano haiwasaidii, na mwenye mimba inaweza kumwangamizia ndama. Fedha nyingi za wafugaji hupotelea hapo, hata kabla mrija wa mbegu haujatoka mtunguni.

Kwa hiyo anza na dume. Katika makundi yetu mengi dume anakaa na majike mwaka mzima, na yule wa jirani wanakutana naye lamboni. Maana yake siku yoyote utakayochagua, baadhi ya majike wana mimba, na nyingine ni changa kiasi kwamba hata mkono wa mtaalamu hauzitambui. Prostaglandini, homoni inayotumika sana kwa sababu ni nafuu, inatoa mimba. Njia ya uhakika ni kutenga madume siku 60 kamili kabla ya kuanza, kuwazuia na wa jirani pia, kisha kumwita daktari wa mifugo apime kila jike. Baada ya siku hizo 60, mimba yoyote iliyomo imeshafikia umri ambao mtaalamu mzoefu anaigusa, na atakayeonekana mtupu ni mtupu kweli. Nawasihi wafugaji wasikubali kampeni yoyote ya kuchoma sindano kundi zima bila kupima mimba kwanza, hata kama sindano ni za bure.

Halafu tazama miili. Simama nyuma ya ng'ombe, kidogo upande mmoja, asubuhi kabla hajajaza tumbo. Mbavu mbili za mwisho zikionekana kwa mbali si tatizo. Mbavu zote zikihesabika na ncha za uti wa mgongo zikisimama kama meno ya msumeno, huyo anahitaji malisho na dawa ya minyoo. Peleka kiganja kwenye mzizi wa mkia: ukikuta mifupa mitupu isiyo na nyama wala mafuta, mwache. Kwa kipimo cha 1 hadi 5 kinachotumiwa na maafisa mifugo wengi, jike wa kuhimilishwa awe na 2.5 au 3, na awe ananenepa. Anayepungua uzito ni wa kumwogopa hata kama leo bado anapendeza. Weka chumvi ya madini yenye fosforasi mapema, maana majani ya nyanda kavu mara nyingi yana upungufu wake.

Aliyezaa apewe angalau siku 45, na kwa zebu anayenyonyesha siku 60 ni salama zaidi. Ndama anaponyonya muda wote, mwili wa mama huchelewa kurudi kwenye mzunguko wa siku 21. Mitamba wasichaguliwe kwa umri peke yake. Wawe wamefikia asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa jike mkubwa wa uzao wao. Kwa mitamba wadogo wa zebu, omba mbegu ya dume anayejulikana kwa ndama wepesi kuzaliwa. Mbegu ya Simmental au Charolais inavutia kwa ukubwa wa ndama, lakini kwa mtamba mwenye nyonga nyembamba inaweza kukuletea uzazi mgumu usiku wa manane, daktari akiwa kilomita 40 kutoka kwako.

Kalenda nayo ihesabiwe kinyumenyume. Mimba ya ng'ombe ni takriban siku 285. Dodoma mvua huanza Desemba kwa kawaida, kwa hiyo jike atakayehimilishwa tarehe 20 Februari atazaa mwanzoni mwa Desemba, majani yanapochipua na maziwa yanapohitajika. Februari hiyo hiyo yeye mwenyewe yuko kwenye majani mabichi, mwili wake unapanda. Ukianza Agosti katika ukame kwa sababu ndiyo siku timu ya uhimilishaji ilipopatikana, unapigana na hali ya hewa.

Sasa homoni zenyewe. Prostaglandini peke yake inafanya kazi kwa jike mwenye mzunguko unaoendelea, tena aliye kati ya siku ya 6 na ya 16 hivi ya mzunguko huo, kwa kuwa inayeyusha kile kiini cha njano kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka. Ndiyo maana huchomwa mara mbili, siku 11 hadi 14 zikiwa katikati: wengi waliokosa mara ya kwanza wanakuwa wamefika mahali pake mara ya pili. Joto hutokea siku ya 2 hadi ya 5, si saa moja kwa wote, hivyo bado utalazimika kuangalia. Anayeonekana asubuhi ahimilishwe jioni, anayeonekana jioni ahimilishwe asubuhi.

Kwa majike wa nyama wanaonyonyesha, napendekeza mpango wa kifaa chenye homoni ya projesteroni kinachowekwa ukeni, kwa sababu unaweza kuwaamsha hata baadhi ya wale ambao mzunguko wao haujarudi. Mpango uliofanyiwa kazi sana kwa zebu wa Brazili unakwenda hivi. Jumatatu kifaa kinawekwa pamoja na sindano ya homoni ya estradioli. Jumanne ya wiki inayofuata, siku ya 8, kifaa kinatolewa na jike anachomwa prostaglandini, homoni ya eCG inayosaidia majike waliopungua au wanaonyonyesha, na dozi ndogo ya estradioli. Alhamisi wote wanahimilishwa, saa 48 hadi 54 tangu kifaa kilipotoka. Kikitoka saa 2 asubuhi Jumanne, kazi ya Alhamisi inaanza saa 2 asubuhi na kukoma saa 8 mchana. Kama majike ni wengi, toa vifaa kwa zamu ili mhimilishaji asifike wa mwisho muda umepita na mkono umechoka. Ipo pia mipango inayotumia GnRH, homoni inayochochea yai kutoka, badala ya estradioli, na saa zake ni tofauti, kwa hiyo usichanganye hatua za mpango mmoja na mwingine. Dozi ziachie daktari wa mifugo.

Siku kifaa kinapotoka, paka rangi au chaki nzito juu ya mzizi wa mkia wa kila jike. Alhamisi, ambaye rangi yake imefutika amepandwa na wenzake, na nafasi yake ya kushika mimba ni kubwa zaidi. Yule ambaye rangi imebaki vilevile mwambie daktari. Anaweza kumwongezea sindano ya GnRH wakati wa kuhimilisha. Kuwatenga ndama kwa saa hizo 48 kunasaidia pia, mradi ndama si wachanga na wana kivuli, maji na majani.

Tahadhari moja isipuuzwe: prostaglandini hupenya ngozi. Mwanamke mjamzito na mtu mwenye pumu wasiishike kabisa, na wengine wote wavae glavu.

Mbegu za NAIC Usa River (kituo cha taifa cha uhimilishaji Tanzania) au za KAGRC Kabete (kituo cha Kenya) zinakufikia zikiwa kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na zinaharibika mikononi mwa watu. Kikombe cha mirija kisiinuliwe juu ya shingo ya mtungi, na mrija utolewe ndani ya sekunde chache. Uyeyushwe kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 yaliyopimwa kwa kipimajoto kwa sekunde 40 hivi, ukaushwe vizuri kwa sababu tone la maji linaua mbegu, kisha mbegu iwekwe mbele kidogo tu ya shingo ya kizazi, ndani ya dakika 10 hadi 15 tangu kuyeyushwa. Mwenye haki ya kuomba kuona kipimajoto ni wewe unayelipa. Kichochoro na krashi ya kumshikilia ng'ombe viwe imara na vyenye kivuli, majike wapitishwe taratibu bila fimbo wala mbwa, maana Boran aliyetishwa hatulii, na fadhaa inapunguza uwezekano wa kushika mimba.

Baada ya hapo kundi litulie. Usiwahamishe majike kwa lori kati ya siku ya 5 na ya 45. Ukipata mimba nusu kwa uhimilishaji mmoja umefanya vizuri, na hiyo nusu nyingine itarudi joto ndani ya kipindi cha karibu wiki moja, kati ya siku ya 18 na ya 24 baada ya kuhimilishwa. Kwa hiyo rudisha dume siku 10 hadi 14 baada ya kuhimilisha, awe mkomavu na aliyepimwa uzazi. Kwa majike 30, tegemea 15 kumhitaji kwa wakati mmoja, hivyo madume wawili ni bora kuliko mmoja. Ndama waliotokana na dume watazaliwa nyuma ya wale wa mrija, na tarehe zitakuonyesha baba ni nani ikiwa umeziandika.

Pima mimba kwa ultrasaundi kuanzia siku ya 30, au kwa mkono baada ya siku 60. Jike aliyenona, asiyenyonyesha, aliyekosa mbegu na kisha dume, muuze kabla ya kiangazi, angali na uzito.