Kioo cha umeme kimegoma: fuata umeme kabla ya kununua mota

Wakuu, leo tuzungumzie vioo vya umeme vya magari ya zamani, yale ambayo swichi ni swichi na waya ni waya, kabla kompyuta haijaingia mlangoni. Hayo yanatibika kwa mkono. Ukiwa na bisibisi, balbu moja na utulivu, ugonjwa unaupata mwenyewe bila kubahatisha.

Nianze na aibu yangu. Kioo cha abiria wa mbele kiliniishia nguvu siku moja, nikasema mota imekufa. Nikanunua nyingine, nikavua kava, nikafunga, nikabonyeza. Kimya. Ile ya zamani niliyokwisha kuitupa kwenye ndoo nilipoigusisha na betri ilizunguka kama feni. Kumbe kilichokatika ni waya mmoja tu, ndani ya ule mpira wa mikunjo ulioko kati ya mlango na bodi. Tangu hapo mota kwangu ni mtuhumiwa wa mwisho.

Kabla ya hatua, elewa mzunguko wenyewe, maana ukiuelewa nusu ya kazi imekwisha. Mota ya kioo ina nyaya mbili nene. Ukitia chanya huku na hasi kule, kioo kinapanda, ukizigeuza, kinashuka. Kazi ya swichi ni kugeuza. Katika magari mengi ya zamani, swichi ikiwa imetulia nyaya zote mbili zimelala kwenye ethi, yaani upande wa hasi unaopita kwenye chuma cha bodi. Ukibonyeza, mmoja unapelekwa kwenye chanya, mwenzake unabaki ethi. Sasa hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea: ethi ya milango ya abiria mara nyingi haitoki kwenye mlango wao, inapita kwanza kwenye swichi kuu ya dereva. Kwa hiyo mguso mmoja (pale chuma kinapogusana na chuma kupitisha umeme) ukiungua ndani ya swichi ya dereva, kioo cha nyuma kinakufa ilhali swichi yake, waya wake na mota yake ni vizima. Utabadilisha vitu vyote vya mlango ule na hutapona.

Hatua ya 1: Sikiliza, tazama taa

Zima injini, washa umeme wa gari, washa taa ya ndani, funga redio. Bonyeza swichi ya kioo kigonjwa huku ukitazama taa.

Taa ikififia kidogo na kioo hakiendi, umeme unafika na mota inavuta. Kuna kitu kimekwama. Taa isipotikisika kabisa, njia ya umeme imekatika mahali. Ukisikia mota inazunguka kwa raha na kioo kimetulia, mota ni nzima, iliyoharibika ni mashine ya kioo, ile inayokibeba kupanda na kushuka: kamba yake ya chuma imekatika au kile kiplastiki kinachoshika kioo kimevunjika. Ukisikia ta-ta-ta-ta, meno ya gia yameliwa.

Jaribio hili halichukui hata dakika moja, na linakuambia kama adui ni umeme au ni chuma. Usiliruke.

Hatua ya 2: Ya kipumbavu kwanza

Kwenye mlango wa dereva kuna kitufe cha kufunga vioo vya abiria. Kiangalie. Usicheke, nimeshaona mlango umevuliwa wote kwa sababu ya kitufe hicho.

Kisha fyuzi. Vioo vyote vikifa kwa pamoja, tazama fyuzi, relei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), swichi kuu na ethi yake. Kikifa kimoja tu, fyuzi kwa kawaida haina hatia, isipokuwa gari lako liwe na fyuzi ya kila mlango. Kitabu cha gari kitakuambia. Fyuzi ikiwa ya ampea 20, rudisha ya 20. Ukitia ya 40 ili isikatike, kitakachokatika safari ijayo ni waya, tena kwa moto.

Hatua ya 3: Tingisha

Mtu abonyeze swichi bila kuachia, wewe ufungue na kufunga mlango pole pole. Kioo kikishtuka hata kidogo, waya umekatika ndani ya mpira wa bawaba, yaani ule mpira wa mikunjo kati ya mlango na bodi. Waya huo unapindwa kila mlango unapofunguliwa, na baada ya miaka shaba inakatika ndani huku plastiki ya nje ikionekana nzima. Usiamini macho, uvute kila waya taratibu. Ule unaorefuka kama mpira ndio uliokatika. Mlango wa dereva ndio unaoongoza kwa ugonjwa huu, kwa kuwa ndio unaofunguliwa kila mara.

Halafu piga kava la mlango kwa kiganja, usawa wa mota, swichi ikiwa imebonyezwa. Kioo kikiamka, brashi za kaboni ndani ya mota zimekwisha. Kofi litakufikisha nyumbani, lakini anza kutafuta mota. Hapo ni halali.

Hatua ya 4: Badilishana swichi

Swichi za abiria mara nyingi zinafanana. Ichomoe ya mlango mzima, ichomeke kwenye mlango mgonjwa. Kama ugonjwa umehama na swichi, umekwisha kupata jibu na kava hujaligusa.

Hatua ya 5: Kuvua kava la mlango

Hapa watu huvunja vitu. Toa kwanza waya wa hasi wa betri, na kama mlango una mfuko wa hewa (airbag), subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote. Tafuta skrubu zilizojificha: nyuma ya kitasa cha ndani, ndani ya kishikio cha mkono, chini ya vifuniko vidogo vya plastiki. Ukivuta na kava limekataa, bado kuna skrubu. Usiongeze nguvu, ongeza macho. Skrubu zikiisha, ingiza kitu bapa ukingoni na uachie klipu moja moja kuanzia chini. Gari likiwa limeanikwa juani kidogo klipu zinalainika; asubuhi ya baridi zinavunjika kama biskuti.

Nyuma ya kava kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa. Wengi huichana na kuitupa, kisha wanashangaa zulia limelowa. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kila siku na kutokea matundu ya chini. Nailoni hiyo ndiyo inayoyazuia yasije kwenye miguu yako. Ibandue pole pole, uirudishe.

Kabla mkono haujaingia ndani, funga kioo kwa utepe wa karatasi wenye gundi kupitia juu ya fremu, upande wa ndani hadi wa nje. Kioo kikidondoka kinakata. Na kama mashine yako ni ya mikono ya mkasi yenye springi kubwa, usitoe mota kabla hujaifunga mikono hiyo kwa boliti au klampu. Mota ndiyo inayoishikilia springi. Ukiitoa, mikono itaruka na kukata vidole, na vidole havioti tena.

Hatua ya 6: Pima kwa balbu, usipime kwa mita peke yake

Rudisha betri. Chomoa soketi ya mota. Wengi huleta mita, wanaona volti 12, wanasema umeme upo. Mita karibu haivuti umeme. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha volti 12 bila aibu, kisha ukiutwisha mota unalala. Chukua balbu ya taa ya breki ya wati 21, iunge kwenye nyaya mbili za soketi, bonyeza kupanda, kisha kushuka.

Ikiwaka kwa nguvu pande zote mbili, umeme karibu hauna kosa, shuku mota. Ikiwaka hafifu, kuna kiungo chenye kutu au waya unaokaribia kukatika. Ikiwaka upande mmoja tu, mara nyingi ni mguso wa swichi. Isipowaka kabisa, shikisha mguu mmoja wa balbu kwenye chuma tupu cha bodi, na mwingine uguse waya mmoja baada ya mwingine huku swichi ikibonyezwa. Mmoja ukiwasha, chanya ipo na unachokosa ni ethi. Rudi kwenye swichi ya dereva na ule mpira wa bawaba.

Hatua ya 7: Mota kwenye betri

Ipe mota umeme moja kwa moja kwa nyaya zenye fyuzi, kwa sekunde moja moja. Geuza nyaya, ijaribu upande wa pili. Isipozunguka hata upande mmoja, sasa nenda dukani.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, asante kwa somo. Kioo changu kinashuka bila shida, ila kupanda mpaka nikisaidie kwa viganja. Mota imechoka?

Jibu: Usikimbilie huko, kaka. Kushuka uzito wa kioo unasaidia. Kupanda mota inabeba peke yake. Anza na raba za pembeni kinamopita kioo. Zisafishe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, zikauke, kisha zipulizie silikoni. Usitie oili ya injini wala grisi, zinavimbisha raba na kukusanya vumbi. Grisi nyeupe ni ya reli na gia za mashine tu. Baada ya hapo jaribu injini ikiwa imewaka, volti zinapokuwa karibu 14. Kikipanda vizuri injini ikiwaka na kushindwa ikizimwa, pima betri, kisha rudi hatua ya 6 ukatafute umeme unakopotelea.

Swali: Changu kimegoma kikiwa chini kabisa, na mvua iko njiani. Nifanye nini kwa sasa?

Jibu: Mtu abonyeze kupanda, wewe ubane kioo kwa viganja viwili, nje na ndani, na kukivuta juu. Mota iliyochoka mara nyingi huitikia hivyo. Ikikataa, vua kava na uipe mota umeme wa betri kama hatua ya 7. Kikifika juu kifunge kwa utepe wa karatasi wenye gundi na uchomoe soketi ya mota, abiria asije akakishusha tena kwa mazoea.

Swali: Swichi ya dereva inaendesha kioo cha nyuma vizuri kabisa, ila swichi ya mlango wenyewe haifanyi kitu. Nimebadili swichi, hali ni ile ile.

Jibu: Kama ya dereva inakiendesha, mota na nyaya zake ni nzima, hizo zisahau. Swichi ya mlango inakosa chanya yake. Kile kitufe cha kufunga vioo vya abiria ndicho kinachoikata, na migusano yake huungua hata kama kinaonekana kimefunguliwa. Kibonyeze mara ishirini hivi, ujaribu tena. Kikiamka kwa muda, swichi kuu inahitaji kufunguliwa na kusafishwa.

Swali: Kioo cha dereva kinapanda chenyewe, kikifika juu kinarudi chini. Kilianza baada ya kubadilisha betri. Mimi ni dada nisiyejua umeme, nieleze polepole.

Jibu: Dada, hujaharibu kitu. Hiki ni kioo chenye kinga ya kubana vidole, na betri ilipotolewa kilisahau mwisho wake wa juu. Katika magari mengi unakifundisha hivi: kishushe mpaka chini, kisha kipandishe kwa kushikilia swichi, na kikifika juu usiachie kwa sekunde chache. Kama kinarudi kabla ya kufika, kipandishe kwa vipande vifupi vifupi. Utaratibu kamili uko kwenye kitabu cha gari lako. Kikiendelea kurudi baada ya hapo, raba zinakibana nacho kinadhani ni mkono wa mtu.

Swali: Nimeupata waya uliokatika kwenye mpira wa bawaba. Naweza kuusokota na kuuzungushia utepe?

Jibu: Utadumu hadi mwezi ujao. Kata nyuma mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, maana ile iliyogeuka kijani au nyeusi haishiki risasi ya kulehemu. Ongeza kipande cha waya wa gari wa nyuzi nyingi, unene ule ule. Usitumie waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu, huo hupindwa mara chache tu na kukatika. Viungo viwe nje ya sehemu inayopindwa, kimoja ndani ya mlango na kingine ndani ya bodi, vitiwe risasi na kuvikwa mrija unaojibana kwa joto. Na ukishaufungua mpira huo, vuta na nyaya nyingine zote, kwa sababu jirani zake wamepindwa miaka ile ile.