Kushona gauni lako la kwanza la kwenda taarab

Watu hulijaribu gauni la taarab mbele ya kioo, wamesimama wima, mikono chini. Ukumbini hakuna anayekaa hivyo. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja ambacho kipo tangu 1905, wakishika wimbo unaokugusa, utainuka uende mbele na mkono juu kumtunza mwimbaji kwa noti. Gauni lililobana kwapani litapanda lote na mkono huo, na mshono huenda ukaachia papo hapo. Ndiyo maana kila msichana anayekuja kwangu Jang'ombe kujifunza charahani namwanzisha na gauni pana, mkono na mwili kipande kimoja. Halina mkono wa kupachika wala zipu, na likivaliwa na ushungi wa rangi yake linapendeza khasa.

Nenda maduka ya Mchangani, hapa mjini Unguja, uombe kitambaa cha krepu laini, upana inchi 60. Satini iache mara hii: inateleza chini ya mkasi na kila tundu la pini hubaki. Ifinye pembe ya kitambaa kiganjani kwa muda kidogo, uiachie. Ikibaki na makunyanzi, hata upige pasi vipi utafika umekunjika. Kisha itoe mlangoni uitazame kwenye jua kama inaonyesha. Shumizi vaa kwa hali yoyote, maana taa za ukumbini hazisitiri.

Kipimo cha kununulia ni hivi. Pima kutoka begani hadi kifundo cha mguu ukiwa umevaa viatu utakavyokwendea. Tuseme ni inchi 56: mara mbili ni 112, ongeza 2 za pindo kila upande, unapata 116. Yadi 3 ni inchi 108, hazitoshi. Nunua 3 na nusu.

Pima nyonga juu ya shumizi. Ikiwa 42, robo yake ni 10 na nusu. Ongeza 2 za nafasi na nusu ya mshono, inakuwa 13. Hiyo 13 ndiyo utakayoitumia kuanzia kwapani kushuka. Kiuno usikibane.

Kikunje kitambaa kwa urefu, uso ndani, kisha ukikunje tena katikati, juu kwa chini, ili mkunjo wa juu uwe mabega. Hapa angalia maua yake. Yakiwa yanaelekea upande mmoja, mgongoni yatakuwa kichwa chini. Basi ukate kwenye mabega, ukigeuze kipande cha nyuma, na ushone mabega. Chora kwa chaki: mkono unatoka kwenye mkunjo wa mabega, mdomo wake inchi 5, kwapa lianze inchi 11 chini ya bega, kwa mviringo mpana, si pembe. Kutoka kwapani hadi nyonga ni ile 13, ukipima kutoka mkunjo wa urefu; kutoka nyonga panua pole pole mpaka 18 kwenye pindo, upate kupiga hatua. Usikate krepu bado. Kata kwanza shuka kuukuu kwa vipimo hivyo, uipige bandi, yaani mshono wa muda, uivae, uinue mkono mpaka sikioni. Pindo la mbele likipanda sana, pandisha kwapa kidogo kwenye krepu. Jaribio hili msiliruke, shoga zangu. Ndilo linalookoa kitambaa.

Shingo: inchi 3 kila upande, 4 mbele, robo tatu nyuma, na mpasuo wa inchi 6 mgongoni ili kichwa kipite. Kata kutoka kwenye mabaki kipande cha umbo lile lile, upana inchi 2 na nusu, kikiwa na ulimi wa kufunika mpasuo. Kiweke uso kwa uso na gauni, shona kuzunguka, na kwenye mpasuo shona kama ncha ya mkuki kabla hujaupasua. Ukipasua, fika karibu kabisa na ncha bila kugusa uzi. Geuza ndani, piga pasi. Shingo ishonwe kabla ya mbavu, kitambaa kingali kimelala bapa mezani.

Mbavu ni mshono mmoja, kutoka mdomo wa mkono hadi chini, sindano namba 11. Kwapani rudia mara mbili, kisha tia vijikato vidogo kwenye mviringo, visiguse uzi. Kama huna oveloki, mashine ya kufunga kingo zisichanike nyuzi, mpelekee fundi wa jirani. Ni kazi ya muda mfupi.

Litundike usiku mzima kabla ya kupinda, kwani pembeni kitambaa hushuka. Asubuhi vaa viatu, mwenzako akubandikie pini za pindo kuzunguka, na ulipinde kwa mkono, nyuzi zisionekane nje. Nyuma ya shingo tia kifungo kimoja na kitanzi.

Lesi au mawe weka kwenye midomo ya mikono. Mkono unapopanda na noti, hapo ndipo ukumbi mzima unapotazama.

Pasi iwe ya moto mdogo, na kanga juu ya krepu. Udi fukiza mwisho, gauni likiwa juu sana ya chetezo, kwa sababu krepu nyingi za madukani huyeyuka kwa kaa moja tu.