Kumwita kaka kwa Kijapani

Anayejifunza Kijapani aanze kwa kujiuliza anazungumza na nani, kwa kuwa kaka yuleyule hubadilishiwa jina kulingana na msikilizaji. Unapomtaja kaka yako mkubwa mbele ya watu wasio wa familia, hasa kazini, sema «ani», neno lisilo na heshima za ziada, kwa sababu Wajapani hawawapambi watu wa nyumbani kwao mbele ya wageni. Lakini unapomwita mwenyewe, au unapomtaja kaka wa mwenzako, tumia «oniisan». «Oniichan» ni la mapenzi na hutumiwa zaidi na watoto.

Neno linalohitaji tahadhari zaidi ni «aniki». Wanaume hulitumia kwa kaka zao wa damu bila tatizo lolote, na marafiki huweza kumwita hivyo mwanamume wanayemstahi, ila ndilo pia ambalo watu wa yakuza, yaani magenge ya wahalifu ya Japani, huwaitia wakubwa wao, kwa hiyo mgeni akimwita hivyo mtu asiyemfahamu vizuri ataonekana anaigiza filamu, na sidhani kama kuna bosi atakayefurahi.

Kwa aliyekutangulia shuleni, katika klabu ya michezo au kazini, «senpai» linatosha, peke yake au baada ya jina lake la ukoo. Muuza samaki sokoni anaweza kumwita kijana yeyote anayepita «oniisan», naye hamaanishi undugu wowote; anataka tu asimame anunue.