Kuisaka Vesta kwa darubini ya mkono kutoka Makangale, Pemba

Vesta ni asteroidi, yaani jiwe kubwa linalolizunguka Jua. Haina mkia wala haipiti mbio kama kimondo. Ni kinukta tu katikati ya nyota, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kinachoifichua ni kuhama kwake. Kwa hiyo kazi yote hapa ni kuchora, kungoja, na kuchora tena. Mie natumia darubini ya macho mawili ya 10x50 (hukuza mara 10, lenzi za mbele zina upana wa milimita 50), penseli na jamvi.

Hatua ya 1: Chagua wakati. Kila baada ya miezi 16 na ushei, Dunia hupita kati ya Jua na Vesta. Siku hizo Vesta huchomoza jua likitua, na saa sita usiku iko juu kabisa. Fungua Stellarium, programu ya ramani ya anga, weka Pemba, tafuta Vesta, kisha sogeza tarehe mpaka namba ya ung'avu ifike 6 au chini yake. Namba ikipanda, yenyewe inafifia. Ikiangukia masika, mawingu yatakuchosha bure.

Hatua ya 2: Ngoja giza la mwezi. Tabu ni kwamba usiku huohuo wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao, bahari ikang'aa kama mji. Zipe mgongo. Umeme ukikatika, shukuru.

Hatua ya 3: Lala chali. Tuko nyuzi 5 kusini ya ikweta, na njia ya sayari hupita karibu na utosi. Mara ya kwanza nilisimama, shingo ikaniuma siku tatu. Umande wa pwani una chumvi: usifute lenzi kwa pembe ya kanga, utaikwaruza. Puliza kwanza, kisha kitambaa laini chenye tone la maji safi.

Hatua ya 4: Chora. Piga duara kwa kufuatisha mdomo wa kikombe. Weka nyota tatu nne zinazong'aa zaidi, halafu vinukta vidogo kwa kuvipima na hizo. Pembeni andika tarehe na saa.

Hapa niliaibika. Nilichora, asubuhi nikawatangazia wenzangu barazani kwamba nimeiona. Usiku uliofuata "Vesta" yangu ipo palepale, ilikuwa nyota. Ramani niliyoichapisha ilipangwa kwa mtu wa Ulaya anayetazama kusini, nami nilikuwa nimeelekea kaskazini. Ningeigeuza juu chini, yangeisha.

Hatua ya 5: Rudi usiku wa pili, na wa tatu. Kinukta kitakuwa kimesogea karibu nusu ya upana wa mwezi kwa siku, tena kuelekea magharibi. Si kwamba Vesta inarudi nyuma. Ukiwa ndani ya gari, ukalipita gari la ng'ombe njia ya Konde, ng'ombe huonekana kama anarudi kinyumenyume. Ndivyo Dunia inavyoipita Vesta, ambayo huchukua miaka 3.6 kulizunguka Jua, kwa umbali wa wastani wa kilomita milioni 353.

Mnajimu wa nyota Giuseppe Piazzi naye hakuwa na njia zaidi ya hiyo ya kutazama kinukta kikihama. Tarehe 1 Januari 1801, huko Palermo, Italia, aliona kinukta katika buruji ya Thauri, ile yenye Kilimia, na usiku uliofuata kimehama. Akaugua mwezi wa Februari, kikapotelea kwenye mwanga wa Jua. Gauss, mwanahisabati kijana wa miaka 24, akapiga hesabu ya njia yake, na mwisho wa mwaka kikapatikana tena: ndiyo Ceres, asteroidi ya kwanza kugunduliwa. Vesta ilionwa na mtazama nyota Olbers huko Bremen, Ujerumani, tarehe 29 Machi 1807, ya nne kugunduliwa, ndiyo maana huandikwa 4 Vesta. Jina alimwachia Gauss achague, naye akaipa jina la mungu wa kike wa Warumi, wa meko.

Siku hizi namba kama hiyo haitolewi mpaka njia ijulikane sawasawa. Ndipo mgunduzi hupewa miaka 10 kupendekeza jina, lisilozidi herufi 16.

Hatua ya 6: Unganisha. Hamishia vinukta vyako vyote kwenye duara moja, kwa kufuata nyota zilezile. Ukipiga rula vikapangana, umeipata. Kimoja kikikaa kando, rudi jamvini.