Jinsi ya kuomba kazi ya uamuzi wa mpira wa kikapu ukiwa Tanga

Kaa pembeni ya uwanja wowote wa kikapu hapa Tanga jioni ya Jumamosi, utasikia watu ishirini wanaoijua kazi kuliko mwenye filimbi. Waulize nani yuko tayari kuandika barua ya maombi, wote wana dharura. Kama wewe huna dharura, endelea kusoma.

Jambo la kwanza ni kujua mlango wa kugonga. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, haipokei maombi ya mtu mmoja mmoja. Leseni ya kimataifa hupatikana kwa kupendekezwa na shirikisho la nchi, na kwetu hilo ni TBF, Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania. Wala huna haja ya kupanda basi kwenda Dar kuitafuta TBF. Anza na chama cha mkoa. Kama humjui katibu wake, muulize kocha yeyote wa timu au nenda ofisi za halmashauri ukamwone afisa michezo. Ukiwa Muheza, Pangani au Korogwe, afisa michezo wa wilaya yako ndiye wa kumwona kwanza. Usimpigie simu usiku. Nenda asubuhi, umevaa vizuri, usalimie kabla ya kueleza shida yako.

Kisha barua. Iwe ukurasa mmoja, ichapwe steshenari kama mwandiko wako ni kama wangu:

Katibu,
Chama cha Mpira wa Kikapu,
Mkoa wa Tanga.

YAH: MAOMBI YA KUJIUNGA NA MAFUNZO YA UAMUZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Kata ya Chumbageni, umri wangu ni miaka 23. Nimecheza kikapu tangu sekondari, na kwa sasa sichezi timu yoyote ya ligi. Naomba kupokelewa katika mafunzo ya waamuzi yatakapoitishwa. Wakati nikisubiri, niko tayari kusaidia kazi za meza Jumamosi na Jumapili.

Naomba kuwasilisha.

Sentensi ya kusaidia meza, yaani pale pembeni wanapoandika matokeo na kushika saa, ndiyo yenye uzito, na nitairudia. Ile ya kutokucheza timu yoyote nayo usiifiche. Kama unacheza, andika unacheza wapi, ili usije ukapangiwa mechi ya wenzako.

Ambatanisha nakala ya kitambulisho cha NIDA, picha ndogo mbili na cheti cha shule. Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa iwe nayo tayari hata kama hujaombwa, maana siku ukiombwa ndiyo siku mtendaji yuko kwenye kikao.

Peleka nakala mbili za barua. Moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, urudi nayo nyumbani. Nasisitiza kwa sababu barua yangu ya kwanza nilimkabidhi bwana mmoja uwanjani, akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa nyuma wa suruali. Miezi mitatu baadaye nikamuuliza. Suruali ilikuwa imeshafuliwa.

Mafunzo hayaitishwi kila mwezi, kwa hiyo kusubiri kupo. Ukisikia kuna ada, lipa mahali panapotoa risiti. Kanuni za FIBA zinapatikana bure kwenye tovuti yao. Zipakue, uzisome kidogokidogo. Na kimbia. Mwamuzi anapanda na kushuka uwanja wa mita 28 mechi nzima, na mchezaji akichoka hutolewa, wewe huna wa kukubadilisha.

Sasa turudi kwenye meza. Wengi huiona kazi ya wasiojua kupuliza filimbi, kumbe hapo ndipo waamuzi wakongwe wanapokukagua bila wewe kujua. Omba karatasi ya matokeo kwanza. Ukiandika faulo za timu mbili kwa mechi tatu mfululizo, hutasahau tena kwamba mchezaji akifikisha faulo 5 anatoka, na kwamba timu ikishamaliza faulo 4 ndani ya robo moja ya mchezo, faulo inayofuata ikiwa inazuia inampa aliyechezewa mitupo huru 2. Baadaye omba saa ya sekunde 24, ile inayohesabu muda wa timu kurusha mpira golini. Utajifunza kwa aibu kwamba mpira ukigonga ringi na timu iliyorusha ikaudaka tena, saa inarudi 14, si 24. Mimi niliirudisha 24, kocha akanitazama tu bila kusema neno.

Siku utakayoambiwa "kesho njoo na filimbi", vaa shati la kijivu la waamuzi, suruali ndefu nyeusi, soksi nyeusi, viatu vyeusi. Suruali fundi wa Ngamiani atakushonea. Filimbi usiibanie: nunua isiyo na kokwa, kile kigololi kinachochezacheza ndani. Ile ya kokwa hukwama. Ilimkwamia refa wa kikapu wa Kanada, Ron Foxcroft, mbele ya umati huko Brazil mwaka 1984, akarudi kwao kutengeneza isiyo na kokwa, ndiyo hii Fox 40 unayoiona shingoni mwa marefa dunia nzima.

Fika mapema. Kanuni zinakupa mamlaka dakika 20 kabla ya mpira kurushwa, lakini uwanja wetu wa saruji, wenye upepo wa bahari na mchanga, unataka zaidi. Zunguka kwa miguu, fagia penye mchanga, tazama ringi kama imelegea, uliza mpira ni namba 7 wa wanaume au namba 6 wa wanawake. Piga hesabu ya jua pia. Dakika 40 za mchezo, ukiweka mapumziko, taimauti na mabishano, zinakaribia saa moja na nusu au kuzidi. Kama uwanja hauna taa, mechi iliyopangwa saa kumi jioni isipoanza saa kumi, adhana ya Magharibi itawakuta robo ya nne.

Faulo ni ngumi juu. Kutembea na mpira bila kuudunda, au kuudunda, kuushika na kuudunda tena, ni kiganja wazi juu. Ukichanganya, meza haijui iandike nini. Ukiita faulo, usianze kubishana na aliyeifanya. Nenda mahali meza inakoona, simama, onyesha kwa mikono namba ya mchezaji aliyefanya faulo. Namba 13 ni ngumi ya mkono wa kulia na vidole vitatu vya kushoto. Namba 16 ni tofauti: kwanza kidole kimoja, mgongo wa mkono ukielekea meza, kisha viganja wazi vikionyesha sita. Fanya mazoezi mbele ya kioo hadi nyumbani wakucheke.

Kelele zitakuwepo, na Tanga watu wana maneno. Shabiki mwache. Kocha akiuliza kwa adabu, mjibu kwa neno moja, "mkono", "mwili", uondoke. Akivuka mpaka, mwonye mara moja. Onyo likipuuzwa, faulo ya kiufundi, mtupo 1, mchezo uendelee. Ukikosea usilipize upande wa pili ili kusawazisha. Watu wa kikapu huliona hilo upesi kuliko kosa lenyewe.

Mechi ikiisha usikimbilie soda. Mwamuzi mkuu ndiye anayesaini karatasi ya mwisho, na kama ni wewe, jumlisha alama robo kwa robo kabla ya kushika kalamu. Saini hiyo ikishawekwa, uhusiano wako na mechi umekwisha. Atakayekufuata getini na swali la robo ya pili, msalimie, panda baiskeli yako.